Lubumbashi: Sukari ya mzee inaposhuka kabla bukari haijaiva

Katika familia nyingi za Lubumbashi, ikisemwa kwamba mzee ana ugonjwa wa sukari, kila mtu nyumbani anawaza namna ya kuishusha. Chai inanywewa bila sukari, soda inafichwa, bonge la bukari linapunguzwa. Ni sawa, maana sukari ya juu inaharibu macho, figo na miguu. Lakini hiyo inachukua miaka. Sukari iliyoshuka kupita kiasi inaweza kumwangusha mtu wa miaka 70 siku ileile.

Mambo yanaanza asubuhi. Mzee anameza kidonge chake, watoto wanatoka kutafuta maisha, na katika nyumba ambazo watu wanakula mara moja kwa siku, makala yanawashwa jioni. Insulini na baadhi ya vidonge vya sukari havingoji chakula. Vinaendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu.

Kimoja cha kuangalia ni glibenclamide, kidonge cha zamani kinachokaa mwilini muda mrefu, zaidi sana kwa mwenye figo zilizochoka. Orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, inasema wazi kwamba hakifai kwa mwenye zaidi ya miaka 60, na inataja gliclazide. Hiyo nayo inaweza kushusha sukari, ila hatari yake ni ndogo zaidi. Basi mtoto asome jina kwenye pakiti na kumuuliza daktari. Asimkatishe mzazi dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dalili zinadanganya. Mzee anatetemeka, anakasirika bila sababu, anachanganya maneno. Jirani mmoja atasema ni uzee, mwingine malaria, mwingine amerogwa, na wakati unapita. Jasho jingi asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, kwa mfano, si jambo la kupuuza.

Mwenye mashine ya kupimia apime: chini ya 70 mg/dl, sukari imeshuka. Asiye nayo asingoje. Kama mzee bado anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari ndani ya maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, apewe tena, kisha ale. Hata akiamka vizuri asiachwe peke yake, kwa sababu dawa ile bado inafanya kazi na sukari inaweza kushuka tena. Aliyezimia hatiwi kitu mdomoni; apelekwe hospitali mara moja.

Wazee wengi wa hapa walifanya kazi Gécamines, wakati kampuni ilikuwa inamtibu mfanyakazi pamoja na familia yake. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliingia katika "départ volontaire". Leo dawa inalipwa na watoto, kila mmoja na sehemu yake, na hapo hatari nyingine inaingia: kaka anampa baba kidonge asubuhi, dada anafika saa nne na kumpa tena. Daftari la franka chache, linaloandikwa saa, dawa na chakula, linazuia hilo. Na kidonge kile kinachoshusha sukari kitolewe chakula kikiwa tayari mezani, hata kama ni kiporo cha jana na sombe.

Madaktari wenyewe hawamtafutii mzee dhaifu kipimo cha kijana. Wanakubali sukari yake ibaki juu kidogo.