LED kwenye gari la zamani: Anza na taa za nyuma, za mbele ziwe za mwisho

Ukiwasha taa za Land Rover ya miaka ya 1970 usiku, mwanga wake ni wa njano na hafifu, mpaka wengine wanautania kuwa ni koroboi. Ndiyo maana wenye magari ya zamani wengi wanakimbilia LED.

Tatizo ni pale wanapoanzia. Wengi wananunua globu mbili za LED, wanazichomeka kwenye taa za mbele, basi. Dereva anafurahi kwa sababu anaona weupe kila mahali. Anayekuja mbele yake ndiye haoni kitu.

Ukweli ni kwamba kazi hii inaanzia nyuma ya gari. Hivi ndivyo ilivyo.

Kwa nini nyuma kwanza

Globu ya kawaida inawaka kwa waya mwembamba unaopata moto. Moto huo unachukua muda. LED inawaka papo hapo, na tofauti yake na globu ya kawaida ni kama sehemu 2 za 10 za sekunde.

Unaweza kuona ni kidogo. Lakini gari lililo kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa linakwenda zaidi ya mita 4 kwa muda huo. Yaani ukikanyaga breki, dereva wa nyuma anapata mita 4 za ziada kabla ya kukugonga. Kwa gari la zamani lenye taa ndogo za nyuma, hizo ni mita za maana.

Zingatia rangi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, na nyuma ya kioo cha rangi ya chungwa weka ya rangi ya chungwa. LED nyeupe ina rangi ya bluu nyingi na nyekundu kidogo, kwa hiyo ikipita kwenye kioo chekundu inatoka imefifia. Ila kama taa hiyohiyo ndiyo inayomulika namba ya gari, hakikisha upande wa namba unapata mwanga mweupe.

Indiketa zinagoma au zinakimbia

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Flasha ya zamani inafanya kazi kwa joto. Umeme ukipita, kipande cha chuma ndani kinapata moto, kinajikunja na kukata umeme. Kikipoa kinaunganisha tena. Imetengenezwa kwa mzigo wa globu mbili za wati 21, moja mbele na moja nyuma.

LED inakula wati chache tu. Flasha haipati moto wa kutosha, kwa hiyo indiketa inawaka bila kupepesa. Flasha za kielektroniki zilizokuja baadaye zina kasoro tofauti: zinadhani globu moja imeungua, zinaanza kupepesa haraka haraka.

Dawa yake ni kununua flasha ya LED. Wapo mafundi wanaofunga rezista badala yake. Inafanya kazi, lakini rezista ya omu 6 kwenye umeme wa volti 12 inatoa joto la wati 24 kila indiketa inapowaka. Ikigusa plastiki au waya, inaunguza. Kama lazima uitumie, ifunge kwenye chuma.

Unawasha kushoto, gari lote linapepesa

Magari mengi ya zamani yana kitaa kimoja tu cha indiketa kwenye dashibodi. Kimeungwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Umeme unapita humo na kurudi kupitia globu za upande wa pili.

Globu za kawaida haziwezi kuwaka kwa umeme mdogo namna hiyo. LED zinawaka. Ndipo unawasha kushoto na pande zote mbili zinapepesa kama hazadi.

Gari halijarogwa. Fundi afunge daiodi mbili, moja kutoka kila upande, zote ziingie kwenye kitaa hicho, kisha mguu wake wa pili aupeleke kwenye ethi.

Taa ya chaji usiiguse

Ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi iache na globu yake. Kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye globu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. LED inapitisha umeme mdogo mno. Utaweka kitaa kizuri, halafu betri ikuishie njiani usiku.

Chanya, hasi na ethi

Globu ya kawaida haijali chanya wala hasi. LED inajali. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa ethi kwenye chanya, kwa hiyo angalia betri kwanza.

Kama gari ni la kuundwa kwa seti ya vipuri kwa mtindo wa zamani, mara nyingi bodi yake ni ya faiba. Faiba haipitishi umeme. Kila taa lazima iwe na waya wake wa ethi hadi kwenye fremu. Ethi mbovu inafanya LED ziwake zenyewe kwa mbali au zicheze.

Sasa taa za mbele

Land Rover za zamani, Land Cruiser 40, Mini na magari mengi ya kuundwa yanatumia taa ya duara ya inchi 7. Kioo cha ndani ya taa ya haloji kimepigiwa hesabu kwa waya mdogo uliokaa mahali pake hasa. Ukiweka globu ya LED, chanzo cha mwanga kinabadilika umbo, na mwanga unatawanyika hadi machoni mwa wenzako.

Uingereza, ambako kuna wapenzi wengi wa magari ya kuundwa nyumbani, ukaguzi wa magari hauna mchezo: gari lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1986 likikutwa na globu ya LED ndani ya taa ya haloji, linafeli.

Njia sahihi ni kubadilisha taa nzima ya inchi 7, iliyotengenezwa kwa LED tangu mwanzo. Na hapo kuna mtego: iwe ya upande wenu wa barabara.

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Taa ya upande usio wako inapandisha mwanga kwa anayekuja, hata ukipunguza.

Kwenye taa yenye alama ya E ya Ulaya, simama mbele yake utafute mshale kwenye kioo. Ukielekea mkono wako wa kulia, ni taa ya kuendesha kushoto. Ukiwa na vichwa viwili, inafaa pande zote. Bila mshale, ni ya kuendesha kulia.

Ukimaliza kufunga, egesha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, usiku. Washa taa ukiwa umepunguza. Utaona mstari kati ya mwanga na giza. Kwetu tunaoendesha kushoto, mstari huo upande kuelekea kushoto, na kulia ubaki chini. Kama huoni mstari wowote, ni mwanga umetapakaa tu, usiingie nayo barabarani. Rudi kwa fundi.