UJASIRI KWANZA, UHAI BAADAYE

Wengi wenu mkiona kijana ameinamia mashine ya mkononi, vidole vikirukaruka juu ya vitufe, husema papo hapo kwamba huyo ni mvivu. Sikatai, wengine wetu tu wavivu kweli. Hata hivyo, likizo ya Desemba binamu yangu aliniachia PlayStation Portable yake kuukuu pamoja na mchezo uitwao Dissidia Final Fantasy, nami nataka niwaeleze mapigano yake yalivyo, maana si mambo ya kubonyezabonyeza ovyo.

Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Square Enix ya Japani. Ulitoka huko Desemba 2008, kisha ukafika Marekani na Ulaya mwaka wa 2009. Ndani yake wamekusanywa mashujaa 10 na mahasimu wao 10 kutoka katika michezo 10 ya kwanza ya Final Fantasy, na wengine wawili wamefichwa. Wanapigana vita vya miungu wawili, Cosmos na Chaos. Hadithi yenyewe, mh! Mashujaa wanatafuta fuwele, na kila mmoja anahubiri kuhusu matumaini mpaka unasinzia. Tuiache.

Utamu uko hapa. Kila mpiganaji ana hesabu mbili: ujasiri na uhai. Kuna mapigo ya kunyakua ujasiri. Ukimpata mwenzako kwa pigo hilo, uhai wake haupungui hata chembe, ila ujasiri wake unahamia kwako. Halafu kuna mapigo ya uhai, ambayo hutoa uhai kwa kiasi kilekile cha ujasiri ulio nao. Tuseme una ujasiri 800, naye ana uhai 2000. Pigo moja linamwacha na 1200. Lakini papo hapo ujasiri wako unaanguka hadi sufuri, na ni lazima ungoje ujijaze polepole. Sasa hapo ndipo kichwa huuma. Je, upige mapema upate kidogo, ama uendelee kukusanya huku ukijua kwamba akikuotea, vyote ulivyoweka vitarudi kwake? Tena ukishushwa chini ya sufuri, anazoa na ile akiba inayoonyeshwa chini ya skrini. Nimeona mtu aliyebakiza uhai kiduchu akiinuka hivyo na kushinda. Waama, katika michezo ya kupigana niliyocheza, sijaona wenye haki kama huu.

Lakini ati hauna kasoro? Wee! Wapiganaji hupaa na kukimbia ukutani, na mambo hayo yote yamebanwa katika skrini ya inchi 4.3. Mkiingia mahali pembamba, kamera inajificha nyuma ya nguzo, nawe unapigwa na mtu usiyemwona. Kisha kuna kupanda ngazi hadi ile ya 100. Unarudia mapigano yaleyale siku nzima ili shujaa wako apate nguvu, na stima ikipotea, betri nayo inakuaga.

Kilichonitoa jasho hasa ni Chaos mwenyewe, maana sharti umpige mara tatu mfululizo. Binamu alikuwa anakuja kuchukua mashine yake Jumamosi, na Alhamisi usiku nilikuwa nimeshindwa mara sijui ngapi. Nilimchagua Cloud, yule wa upanga mkubwa, nikawa naenda mbio, napiga, nakosa, napigwa. Kitinda mimba wetu alikuwa amekaa kando akila mahindi.

"Kaka, mbona hungoji?" akaniuliza. "Wewe unapiga tu. Ngoja akose kwanza."

Nilikasirika. Nikamtupia mashine, nikamwambia haya, tuone.

Hakukimbilia mtu. Alikwepa, akakwepa tena, na kila Chaos alipopiga hewa, yeye akanyakua ujasiri kidogo na kujitenga. Ilichukua muda mrefu ajabu. Pigo la uhai alilitumia mara chache sana. Mara ya tatu Chaos alipoanguka, mtoto aliweka mashine chini akaenda kutafuta hindi lingine!

Binamu alipofika Jumamosi, aliwasha mashine akakuta mchezo umeisha.

"Aisee, umemmaliza Chaos!" akasema, akinipigapiga begani.

Nilikohoa. Dada yangu alikuwa mlangoni, ananitazama.