Rangi ya manyoya ya mshale
Manyoya ya mshale ni vipande vya manyoya ya ndege au plastiki vinavyobandikwa karibu na mkia wa mshale ili usiyumbe hewani. Kwa kawaida huwa matatu.

Katika mazoezi ya nje rangi yake ni muhimu, kwa sababu mshale uliokosa shabaha huweza kuteleza chini ya nyasi, na usipopatikana unaweza kumchoma mtu mguuni. Kijani na kahawia hupotea majanini. Nyekundu hung'aa mchana, lakini jioni huonekana kama nyeusi. Waridi kali hufaa zaidi, kwani ni nadra nyasini. Njano kali pia huonekana vizuri chini, ila hupotea katikati ya shabaha ya Olimpiki, ambayo ni ya njano na hulengwa kutoka mita 70.