Je, Wajua? Upepo au Maji?

Je, wajua ya kwamba tufani Katrina ilipoipiga pwani ya Mississippi, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, ikazoa nyumba zikabaki sakafu tupu za saruji, hoja kubwa ilikuwa ni kipi kilichotangulia, upepo au maji? Maana bima ya kawaida ya nyumba hulipa dhara la upepo, ilhali gharika ina hati yake mbali, chini ya mpango wa serikali ulioasisiwa mwaka 1968. Basi wahandisi wakaja kukagua miti iliyolala, na majirani wakaulizwa saa paa lilipong'oka. Ajabu: ukuta haupo, nao wabishana umekufaje! Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Mississippi ilihukumu kwamba hasara iliyokwisha kuletwa na upepo haifutwi na maji yaliyofuata.