Joto la Kulipia Melini

Sisi tuliozoea jua la Pwani, tunaotafuta kivuli cha mwembe hata kabla ya saa tano asubuhi, tutashangaa kuambiwa kwamba wako watu wanaotoa fedha zao, tena juu ya nauli waliyokwisha kulipa, ili wakafungiwe chumbani watokwe na jasho. Watu hao si wagonjwa. Ni watalii wa meli zile kubwa kama mtaa mzima, ambazo baadhi yake hufunga gati pale Kilindini. Ndani ya meli hizo, mbali na vyumba vya kulala na kumbi za kulia, kuna sehemu iitwayo spa, na ndani ya spa kuna vyumba vya joto. Mwanafunzi akisikia hayo atasema, "Wazungu nao, joto si lipo nje bure?" Swali zuri. Lakini joto lile si sawa na hili letu, na hapo ndipo palipo na mambo ya kujifunza.

Tena tusicheke sana. Bibi zetu wamepiga nyungu tangu zamani: majani ya mwarobaini yanachemshwa chunguni, mgonjwa anafunikwa blanketi, anavuta mvuke mpaka jasho linamtiririka. Kule Unguja nako, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya kiajemi kwa matumizi ya watu wa mji. Jengo lingalipo, ingawa haliogewi tena, na mtaa wenyewe mpaka leo unaitwa Hamamni. Kwa hiyo mwenye meli hakubuni kitu kipya. Alichofanya ni kukipandisha melini na kukitia bei.

Na alikipandisha zamani. Ile Titanic iliyozama Aprili 1912 ilikuwa na bafu za kituruki kwa abiria wa daraja la kwanza, zikiwa na chumba cha mvuke, chumba cha joto kali, cha joto la kadiri, na cha kupoa. Tikiti ilikuwa shilingi 4 za Kiingereza au dola 1. Wanawake waliingia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, wanaume saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo hapakuwa na kukutana. Mwaka 2005 wapiga mbizi waliotumia vyombo vya kuongozwa kutoka juu walifika katika chumba kile cha kupoa, huko chini ya Atlantiki, wakakuta vigae vya ukutani bado vimeshikilia.

Haya, tuingie ndani sasa. Vua viatu, chukua taulo.

Chumba cha kwanza aghalabu ni sauna, jambo lililotoka kwa Wafini. Ni chumba cha mbao chenye mabenchi ya ngazi ngazi na jiko lililojazwa mawe. Kule Ufini wengi hupenda jiko la kuni, lakini melini ni la umeme tu, kwa kuwa moto ndani ya meli si mchezo. Hewa ya humo hufika nyuzi 80 hadi 90 sentigredi, na ni kavu. Jirani yake ni chumba cha mvuke, chenye kuta za vigae. Humo joto ni kama nyuzi 45 tu, lakini hewa imejaa maji hata humwoni mwenzako vizuri. Kisha viko vitanda vya vigae vilivyopashwa moto kidogo kupita mwili, vimepinda kufuata mgongo, mtu anajilaza akitazama bahari dirishani. Liko pia bwawa la maji ya uvuguvugu yanayopulizwa kwa nguvu yakukande mabega. Na mwisho yako maji baridi: bomba la mvua, ndoo ya kuvuta kamba, au birika la kujitosa. Meli ya Viking Star, iliyoanza safari mwaka 2015, ina hata pango la theluji. Theluji baharini, wewe!

Sasa fikiri. Maji yakifika nyuzi 90 yatakubabua mkono. Iweje mtu aketi dakika kumi katika hewa ya nyuzi 90 atoke akitabasamu? Na iweje huyo huyo akiingia chumba cha nyuzi 45, yaani nusu yake, aone kama anachemshwa?

Jibu la kwanza liko jikoni. Mwokaji mikate huingiza mkono tanurini, ambamo hewa imepita nyuzi 200, akageuza mikate na kuutoa salama, mradi asiguse chuma. Lakini funua sufuria ya githeri kwa pupa, mvuke ukupige kiganjani, utaruka. Hewa kavu ni nyepesi, imebeba joto kidogo, na hulitoa polepole. Mvuke umebeba mzigo. Gramu 1 ya mvuke wa nyuzi 100 inapogusa ngozi na kugeuka maji, huachilia jouli zipatazo 2,260 kwa kule kugeuka peke yake. Maji hayo yakiendelea kupoa mpaka nyuzi 37 za mwili, hutoa jouli 265 hivi tu za ziada. Yaani kule kugeuka kuwa maji kunachoma mara nane na zaidi kuliko yale maji ya moto yenyewe. Walimu wetu wa Fizikia wangepata mfano gani bora kuliko huu?

Jibu la pili liko katika jasho. Mwili unataka kubaki karibu na nyuzi 37. Ukipashwa moto, damu hukimbilia kwenye ngozi, moyo huenda mbio, jasho hutoka. Lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Linapoza linapokauka na kuondoka na joto. Ndani ya sauna hewa ni kavu, basi jasho linakauka upesi na mwili unajitetea. Katika chumba cha mvuke hewa imeshiba maji, haina nafasi ya kupokea jasho lako. Zaidi ya hayo, kwa kuwa ngozi yako ni baridi kuliko mvuke ule, maji ya hewani huja kutua juu yako kama umande juu ya jani. Kwa hiyo yale matone unayoyaona kifuani si jasho lako lote. Mengine umepewa na chumba, pamoja na joto lake. Hii ndiyo sababu Mombasa ya Machi inachosha kuliko Garissa, ingawa Garissa kipimajoto kinasoma juu zaidi.

Wafini wanaujua ujanja huu vizuri. Mtu huchota maji kwa kata akayamwaga juu ya mawe, tss! Kipimajoto hakipandi, pengine hata kinashuka kidogo, lakini waliokaa wote wanainamisha vichwa. Wimbi hilo la mvuke Wafini wana jina lake maalumu, löyly, na mila yenyewe ya sauna iliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mabenchi nayo ni ya mbao kwa sababu mbao haipitishi joto upesi. Ndiyo maana pia utaambiwa uvue pete, saa na mkufu kabla hujaingia. Dhahabu shingoni katika nyuzi 90 haina urembo tena.

Je, faida ipo? Ipo, lakini si yote inayotangazwa. Misuli hulegea, usingizi huja vizuri, mtu anajisikia mwepesi. Mwaka 2015 watafiti wa Ufini walitoa matokeo ya kufuatilia wanaume 2,315 wa makamo kwa miaka ipatayo 20. Waliokwenda sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa moyo kusimama ghafla kwa uchache kuliko waliokwenda mara moja. Ni habari ya kutia moyo, ila tuwe waangalifu: huenda mwenye nguvu za kwenda sauna kila siku ni yule aliye mzima tangu mwanzo. Ama lile neno la kwamba jasho linatoa sumu zote mwilini, mimi silikubali. Kazi hiyo ni ya figo na ini, na hazidai tikiti. Ukipungua uzito baada ya sauna, umepungua maji tu, pengine nusu lita, na glasi mbili zitaurudisha.

Hapo ndipo hatari inapoanzia, na naomba wale wenzangu wa bwenini wanaopenda kushindana kila kitu wasikilize. Kule Heinola, Ufini, yalikuwako mashindano ya dunia ya kukaa saunani, yaliyoanza 1999. Joto liliwekwa nyuzi 110, maji yakimwagwa juu ya mawe kila baada ya muda mfupi, na wa mwisho kutoka ndiye bingwa. Agosti 2010 waliobaki wawili katika fainali, Mrusi na Mfini, walitolewa wakiwa wameungua vibaya. Yule Mrusi alifariki. Mashindano hayakufanywa tena. Hao walikuwa wazoefu, sembuse mtalii aliyetoka kunywa bia mbili sitahani! Pombe na joto havipatani kabisa: vyote viwili hupanua mishipa na kukausha maji mwilini, na mlevi hajui wakati wa kutoka.

Kanuni zenyewe ni nyepesi. Oga kwanza kwa sabuni. Kunywa maji kabla na baada. Keti benchi la chini ukiwa mgeni, kwani hewa ya moto hupanda. Dakika 10 hadi 15 zatosha, kisha toka upoe, ndipo urudi ukitaka. Unapotoka usiinuke kwa ghafla; damu yote iko kwenye ngozi na miguuni, kichwa kitabaki kitupu, utaanguka. Melini ni vibaya zaidi maana sakafu yenyewe inayumba. Maji baridi nayo yaanzie miguuni, kwa sababu kujitosa ghafla hukata pumzi na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye homa, na mama mjamzito waongee na daktari kabla. Watoto hawaruhusiwi, meli nyingi hudai miaka 16 au 18, kwa hiyo ndugu zangu wa kidato cha kwanza, hata mkipewa tikiti mtarudishwa mlangoni.

Mavazi nayo yana kisa. Katika meli za Kimarekani wanaume na wanawake huingia pamoja na nguo za kuogelea, na ukivua utaitiwa afisa. Katika meli za Kijerumani kama zile za AIDA ni kinyume: nguo ya kuogelea ndani ya sauna huhesabiwa uchafu, watu wanaingia walivyozaliwa, wametandika taulo chini. Kila ndege huruka na ubawa wake. Anayekwenda asome kwanza tangazo la mlangoni.

Liko jambo jingine ambalo mtalii halioni, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa vijana wa Kenya ni miongoni mwa wanaoajiriwa katika meli hizi, na kesho huenda ikawa mmoja wetu ndiye anayeshika ufagio pale. Maji ya uvuguvugu yanayopulizwa ni makao mazuri ya bakteria waitwao Legionella. Waligunduliwa 1977, baada ya ugonjwa wa mapafu kuwapata maaskari wastaafu waliokutana Philadelphia mwaka 1976. Bakteria hawa hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, yaani joto lile lile tunaloliona tamu. Humwingia mtu si kwa kunywa maji, bali kwa kuvuta vitone vidogo vinavyorushwa hewani.

Mwaka 1994 meli moja ya watalii, iliyokuwa ikifanya safari kati ya New York na Bermuda, iliwaambukiza abiria wapatao 50 katika safari tisa. Fikiri: safari tisa! Abiria walishuka, wakarudi makwao, wakaugua kila mmoja kwenye mji wake, na haikuwa rahisi kuunganisha habari hizo. Madaktari walipofuatilia walimkuta bakteria katika mchanga wa chujio la bwawa la maji ya kupulizwa. Kadiri mtu alivyokaa majini muda mrefu ndivyo hatari ilivyozidi, na hata waliokaa kando ya bwawa bila kuingia hawakusalimika.

Bwawa lenyewe huenda lilionekana safi. Hilo ndilo la kutisha, kwamba jicho halitoshi. Kwa hiyo mhudumu hupima klorini au bromini ya maji mara nyingi kwa siku na kuandika daftarini. Akipata kipimo kiko chini hafichi ili wageni wasinung'unike, anafunga bwawa. Bahari ikichafuka pia analifunga, maana maji ya bwawa huanza kuyumba pamoja na meli na kumtupa mtu ukutani. Na usiku, mgeni wa mwisho akishatoka na taulo lake begani, jiko linazimwa, mabenchi yanasuguliwa, chujio linasukumiwa maji kinyumenyume kutoa taka, na namba zinaandikwa tena daftarini kabla taa hazijazimwa.