Kadi Haijafa, Saa Ndiyo Mbovu

"Fundi, NLA inazimwa wapi ili kadi ikubali?" Swali hili linanijia kutoka Nundu, Baraka, Lusenda, huku mashariki mwa Kongo, popote penye ofisi ndogo inayotakiwa kuingia kwa kadi ya chipu kwenye seva iliyoko Bukavu au Kinshasa. Anayeuliza ameshajiandikia dawa. Kwangu anataka kijiko tu.

Tumalizane nalo leo. NLA ni ukaguzi unaomtambua mtu kabla seva haijamfungulia dirisha la kuingilia. Ukiuzima, yeyote anayeifikia seva anakaribishwa dirishani kwanza, ndipo aulizwe ni nani. Mei 2019 Microsoft ilitangaza tundu lililopewa jina BlueKeep: mgeni asiye na akaunti wala nywila aliweza kuiteka kompyuta kupitia huduma hiyohiyo ya kuingia kwa mbali. Hali ilikuwa mbaya hadi kampuni ikatoa kiraka hata cha Windows XP, ambayo ilikuwa imeshaachana nayo. Wenye NLA walipata nafuu, kwa kuwa mshambuliaji alihitaji kwanza akaunti halali.

"Lakini nilizima, na kadi ikakubali!" Najua, na ndiyo maana uongo kwamba kuzima NLA ni dawa haufi. NLA ikiwashwa, kompyuta yako ya Nundu ndiyo inayoomba tiketi ya Kerberos (itifaki inayothibitisha mtu ni nani) kwa kutumia kadi, na ombi hilo hubeba saa ya kompyuta hiyo. Ukizima, kadi inasomwa na seva, na ombi linabeba saa ya seva, ambayo ni sahihi. Hujaponya kitu. Umevunja mlango kwa sababu ya saa.

Kerberos, kwa mpangilio wake wa kawaida, haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, ili mtu asinase ombi la zamani njiani akalitumia tena. Hapo ndipo naanza kuapiwa: saa yangu iko sawa, naiona kwenye pembe ya skrini, inalingana na simu. Inalingana na simu, sikatai. Lakini Kongo ina kanda mbili za saa. Ikiwa saa sita mchana Kinshasa, Nundu ni saa saba, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ni saa nane. Kompyuta iliyoandaliwa Kinshasa ikifika huku inaonekana imechelewa. Mtu anasogeza saa mbele kwa mkono, ukanda unabaki wa Kinshasa. Kerberos haiangalii pembe ya skrini. Inahesabu kwa saa ya dunia, UTC, na kompyuta hiyo inaipata kwa kutoa saa 1 pale ilipopaswa kutoa 2. Iko mbele dakika 60. Iliyotoka Nairobi, ikirudishwa nyuma kwa mkono, iko nyuma dakika 60, na kadi iliyotengenezwa chini ya saa moja iliyopita inaweza kuhesabiwa kuwa cheti chake hakijaanza kazi. Lusenda, ambako mashirika yanaleta vifaa kutoka pande zote tangu kambi ya wakimbizi wa Burundi ifunguliwe 2015, aina zote mbili zinaweza kukaa meza moja, zikionyesha saa ileile.

Wengine wanasingizia setilaiti. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu huchelewesha ujumbe, kwenda na kurudi, kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Dakika 5 ni sekunde 300. Na mara nyingi kompyuta yenyewe husema waziwazi, kwa Kifaransa safi, kwamba saa au tarehe zinatofautiana. Watu wanabonyeza OK bila kusoma.

Cha kufanya, upesi. Andika tzutil /s "South Africa Standard Time". Usishtuke na jina, ni UTC+2 ileile ya kwetu. Kisha w32tm /resync. Mwaka ukirudi nyuma kila umeme unapokatika, badilisha betri ya ubao mama. Kwenye sera za kikundi, weka chanzo cha saa kuwa AllSync ili kompyuta iliyo mbali na seva ya domeni ipate saa kwenye intaneti. Haki ya kubadili saa ibaki kwa wasimamizi. Ukanda, mtumiaji aachiwe. Windows kwa kawaida imepangwa hivyo, kwa hiyo aliyesogeza saa alikuwa na nywila ya msimamizi, na mara nyingi ni fundi mwenzangu. Kadi iruhusiwe kupitishwa hadi seva. Ikichomolewa, kikao kikatwe, na huduma inayosimamia uchomoaji iwe imewashwa. Walio nje ya ofisi wapewe VPN, au lango lenye wakala wa Kerberos kwenye poti 443. Sharti la kadi liwe kwa watumiaji, ibaki akaunti moja ya dharura isiyo na sharti hilo. Sera zipakuliwe kabla kompyuta haijapanda gari la Nundu.

Ikiendelea kukataa, nitumie matokeo ya gpresult na ya w32tm /query /status. Picha ya skrini iliyokatwa katikati usinitumie.