Kwa nini mashirika ya ndege ya Afrika Mashariki yanahangaika?

Katikati ya Januari 2024, ilionekana kana kwamba ndege za Kenya Airways zingekoma kutua Dar es Salaam. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kufuta kibali cha safari za abiria za shirika hilo kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia Januari 22. Sababu haikuwa usalama wala deni. Kenya ilikuwa imekataa ombi la Air Tanzania la kubeba mizigo kutoka Nairobi hadi nchi ya tatu, na Tanzania ikajibu kwa kufunga mlango wake.

Serikali hizo mbili zilizungumza, marufuku ikaondolewa kabla haijaanza kutekelezwa, na abiria wakasafiri kama kawaida. Lakini mzozo huo mfupi uliacha swali ambalo tunalichambua hapa: je, mashirika yetu ya ndege yanaweza kusalimika katika ushindani wa dunia ikiwa majirani wenyewe wanafungiana anga?

Zamani lilikuwa shirika moja

Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kumiliki shirika moja, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946. Lilivunjika mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilipovunjika. Mwaka huohuo zikazaliwa Kenya Airways na Air Tanzania. Uganda ilikuwa tayari imeunda shirika lake mwaka 1976, likafungwa mwaka 2001, kisha likafufuliwa mwaka 2019. Rwanda nayo ina RwandAir.

Kwa hiyo soko ambalo zamani lilihudumiwa na shirika moja sasa linagawanywa na mashirika kadhaa ya serikali au yenye mkono wa serikali, kila moja likiwa na mafundi wake, ofisi zake na madeni yake.

Anga lina mlango na ufunguo

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Ndiyo maana shirika haliwezi kuanzisha safari ya kimataifa kwa sababu tu lina ndege na wateja. Ni lazima serikali zikubaliane kwanza kuhusu njia, idadi ya safari na kile kinachobebwa.

Ombi lililozua mzozo wa 2024 linahusu kile wataalamu wanachokiita uhuru wa tano wa anga: haki ya shirika la nchi moja kuchukua abiria au mizigo katika nchi ya pili na kuipeleka nchi ya tatu. Nchi nyingi huibana haki hiyo ili kulinda mashirika yao.

Afrika iliahidi kuondoa vizuizi hivyo zamani. Azimio la Yamoussoukro lilipitishwa mwaka 1999, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga. Utekelezaji unakwenda polepole, kwa kuwa kila serikali inaogopa kufungua mlango wa kwanza.

Faida ya soda na andazi

Nauli inalipa mafuta, ukodishaji wa ndege, vipuri, mishahara, ada za viwanja na kodi za serikali. Gharama kubwa kati ya hizo hulipwa kwa dola, ilhali tiketi nyingi huuzwa kwa shilingi. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga, IATA, mashirika ya Afrika hubaki na faida ya takriban dola 1 tu kwa kila abiria. Wastani wa dunia ni dola 6 hadi 7. Dola 1 ni pesa ya soda na andazi. Hitilafu moja ya injini inaifuta.

Ndivyo ilivyotokea. Kenya Airways ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza ya mwaka mzima baada ya zaidi ya miaka 10. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya takriban bilioni 12, huku baadhi ya ndege zake kubwa zikiwa zimeegeshwa. Air Tanzania nayo ililazimika kuegesha ndege za Airbus A220 kwa matatizo ya injini yaliyoyakumba pia mashirika ya nchi nyingine. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania, ukitaja upungufu katika usimamizi wa usalama.

Shirika kubwa hustahimili pigo kama hilo kwa kuhamisha ndege kutoka njia moja hadi nyingine. Ethiopian Airlines, ambayo nayo ni mali ya serikali, ina ndege zaidi ya 140 na hisa katika mashirika ya Togo, Malawi, Zambia na Kongo. Emirates na Qatar Airways huwakusanya abiria kutoka miji yetu na kuwaunganisha na dunia nzima kupitia Dubai na Doha. Shirika lenye ndege chache halina nafasi hiyo.

Njia zilizopo

Serikali zina njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kama sasa, kila nchi ikifidia hasara kwa kodi za wananchi, wakiwemo wengi ambao hawajawahi kupanda ndege. Ya pili ni kushirikiana katika matengenezo, mafunzo na ratiba, bila kufuta majina ya mashirika. Ya tatu ni kufungua anga kweli na kukubali kwamba baadhi ya mashirika huenda yasihimili.

Kila njia ina maumivu yake. Lakini wakati majirani wanabishania kibali cha ndege ya mizigo, abiria wa Mwanza anayekwenda London anaunganisha safari Addis Ababa au Doha, na nauli yake inakwenda huko.